Dira, Saa na Kitambua Mahali: Historia Fupi ya Istilahi za Vyombo vya Kuongozea Safari, pamoja na Swali la Zawadi ya Mhitimu

Utangulizi

Liko swali moja ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana kuwa la dukani zaidi kuliko kuwa la lugha. Mzazi, shirika au idara inapotaka kumtunuku mhitimu chombo cha kumsaidia kujua njia, chombo hicho kiitweje katika barua ya agizo, katika hati ya malipo na katika kadi itakayosomwa mbele ya wageni siku ya mahafali? Wako wanaoandika "dira ya kielektroniki". Wako wanaoandika "kifaa cha mwelekeo". Wengine husema "ramani ya setilaiti", na wengi zaidi hutamka tu herufi tatu za Kiingereza, "jipiesi", wakaendelea na shughuli zao. Majina hayo manne hutumika kana kwamba yana maana moja, nayo hayana.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba vyombo vya kuongozea safari vimekuwa, tangu zama za majahazi, vikifanya kazi tatu zilizo mbalimbali. Kazi ya kwanza ni kuonyesha mwelekeo. Ya pili ni kutambua mahali alipo msafiri. Ya tatu ni kuelekeza njia ya kupita kutoka mahali hapo hadi aendako. Mabaharia wa mwambao walizitenga kazi hizi katika mazoea yao. Sisi wa leo twazichanganya katika maandishi yetu. Mchanganyo huo una hasara. Mnunuzi hupata asichokitaka na, lililo kubwa zaidi, mtumiaji hukitumainia chombo kwa jambo ambalo chombo hakiwezi kulitenda. Kwa hiyo tutapitia kwanza historia ya vyombo vyenyewe na majina yake, kisha tutatoa mapendekezo ya istilahi, na mwishoni tutarudi kwenye swali la zawadi.

Pande nne na msamiati wa chomboni

Hapana budi tuanze na pande za dunia, maana ndizo zinazoonyeshwa na kila chombo tutakachokitaja. Maneno mashariki na magharibi yana asili ya Kiarabu, nayo yamefungamana na jua: mahali linapochomoza na mahali linapochwa. Kaskazini na kusini yametokana na pepo mbili kuu za bahari yetu, yaani kaskazi, ivumayo takriban kuanzia Desemba hadi Machi, na kusi, ivumayo takriban kuanzia Mei hadi Septemba. Kila moja liliongezewa kiambishi -ni cha mahali. Basi asemaye kaskazini, kwa asili ya neno, ataja kule utokako upepo wa kaskazi. Kwa mtu wa bara ambaye hajapata kuingia chomboni, neno hili halina upepo ndani yake. Kwa baharia wa Lamu au Kilwa lilikuwa na maana ya riziki, kwa sababu kaskazi ndiyo iliyoleta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi, na kusi ndiyo iliyovirudisha.

Msamiati wa chomboni nao ulikuwa mpana, na kila neno lilikuwa na kazi yake. Nahodha, neno lenye asili ya Kiajemi, alikuwa bwana wa chombo. Rubani, kutoka Kiarabu, alikuwa mjuzi wa njia za bahari. Bildi ilikuwa kipande cha risasi kilichofungwa kambani na kutoswa majini ili kujua kina, na kina chenyewe kilihesabiwa kwa pima, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyoshwa. Batli ilikuwa hesabu ya mwendo wa chombo, na kutia batli kulikuwa kuuweka mwendo huo katika kumbukumbu. Mtu aliyesema bildi hakuweza kudhaniwa kuwa asema batli. Yafaa tuikumbuke sifa hiyo, maana ndiyo sifa ya kwanza ya istilahi yoyote iliyo njema.

Mwalimu wa Malindi

Safari mashuhuri kuliko zote zilizoanzia pwani yetu ni ile ya Vasco da Gama, aliyeng'oa nanga Malindi tarehe 24 Aprili 1498 akiwa na rubani aliyepewa na mfalme wa mji huo, akatia nanga karibu na Calicut tarehe 20 Mei mwaka huo huo. Imeenea sana habari kwamba rubani huyo alikuwa Ahmad bin Majid, mwanazuoni wa bahari aliyezaliwa Julfar katika Ghuba, mtungaji wa vitabu vya elimu ya bahari na wa utenzi wa Kiarabu ueleao njia za kufika Sofala. Wataalamu wengi wa historia ya bahari wameikataa habari hiyo. Iliandikwa Arabuni miongo kadhaa baada ya safari, ilhali mwandishi wa Kireno João de Barros, katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1552, anasema kwamba rubani alikuwa Mwislamu wa Gujarat, na anamtaja kwa jina la Malemo Caná. Walimu wa historia yafaa walizingatie jambo hili wanapofundisha.

Lakini kwa mtu wa istilahi, thamani iko katika jina lenyewe. Malemo ni matamshi ya Kireno ya neno la Kiarabu mu'allim, yaani afundishaye. Na katika Kiarabu cha mabaharia wa Bahari ya Hindi, mu'allim kilikuwa cheo cha mtu aliyesimamia elimu ya njia chomboni. Caná ni kanaka, neno la Kihindi lenye asili ya Kisanskriti, nalo lina maana ya mkokotoaji au mnajimu. Hivyo Wareno hawakuandika jina la mtu. Waliandika vyeo viwili vya kazi moja, na jina lake halisi likapotea. Cheo cha kwanza ndicho kilichotupatia neno letu mwalimu. Aliyesimama darasani na aliyesimama sitahani wameitwa kwa neno moja, na si ajabu, kwani wote wawili kazi yao ni kumtoa mtu asipopajua na kumfikisha anapopakusudia.

Barros anaendelea kusimulia kwamba da Gama alimwonyesha rubani astrolabi kubwa ya mti na nyingine za madini, akitarajia kumstaajabisha. Rubani hakustaajabu. Alieleza kwamba marubani wa Bahari ya Shamu walikuwa na vyombo vya shaba vya kupimia kimo cha jua na cha nyota, lakini yeye na wenzake walitumia chombo cha mbao tatu.

Chombo cha jamii hiyo kimejulikana kwa Waarabu kwa jina la kamal. Ni ubao mdogo wenye uzi uliopitishwa katikati na kufungwa mafundo. Baharia aliuma uzi kwa meno, akaunyosha ubao mbele ya jicho mpaka ukingo wa chini ukagusa upeo wa macho na ukingo wa juu ukagusa nyota. Kila fundo lilisimamia kimo cha nyota hiyo katika bandari fulani. Vipimo vilihesabiwa kwa "vidole", na kidole kimoja kilikuwa takriban digrii moja na dakika 36. Nyota ikifikia fundo la bandari atakayo, baharia alijua kwamba yu sambamba na bandari hiyo, akageuza chombo na kushika mashariki au magharibi mpaka aione nchi kavu.

Hapa pana jambo la kutiliwa mkazo. Nyota rahisi kuliko zote kwa kipimo hiki ni Nyota ya Kaskazini, na nyota hiyo haionekani kusini ya ikweta. Malindi iko takriban digrii 3 kusini, Unguja digrii 6, Kilwa karibu digrii 9. Basi mwalimu wa chombo kilichokwenda Kilwa alilazimika kuzijua nyota nyingine, kujua ni ipi huchukua nafasi ya ipi, na kujua hesabu ya kugeuza kipimo cha moja kuwa cha nyingine. Ubao wenyewe ulikuwa wa thamani ndogo sana. Mtu asiyejua nyota angeweza kuukokea moto tu. Chombo kilitambua mahali kwa sababu mwalimu alikuwa na elimu, na hata hivyo kilitambua nusu ya mahali: latitudo peke yake.

Dira

Neno dira nalo limesafiri. Kwa mabaharia wa Kiarabu wa karne ya 15, dira ilikuwa njia ya safari yenyewe. Bin Majid alizipambanua dira za kufuata pwani na dira za kukata bahari moja kwa moja. Katika Kiswahili neno hili lilitua juu ya chombo chenye sindano ya sumaku, na hapo ndipo lilipobaki. Kwa maneno mengine, jina la njia likawa jina la chombo cha kuonyesha mwelekeo. Huenda ndiyo sababu hata leo wengi wetu hudhani kwamba dira inajua njia.

Sindano yenyewe ina historia ndefu. Mwanazuoni wa Kichina Shen Kuo aliieleza mwaka 1088. Mwingereza Alexander Neckam aliitaja kuwa chombo cha mabaharia karibu na mwaka 1190. Bailak al-Qibjaqi aliandika mwaka 1282 jinsi alivyowaona mabaharia wa bahari ya Shamu ya nchi, yaani pwani ya Siria, mnamo mwaka 1242, wakiielekeza kwa sindano iliyoelezwa majini.

Katika muda wote huo dira imekuwa na sifa moja njema na upungufu mmoja. Sifa yake ni kwamba haihitaji kitu chochote nje yake: haina mafuta, haina umeme, haiombi ruhusa ya mtu. Upungufu wake ni kwamba yaonyesha upande, haionyeshi mahali. Dira iliyowekwa juu ya meza mjini Tanga na dira iliyowekwa juu ya meza mjini Mtwara zote zaelekeza kaskazini vilevile, wala hakuna moja iwezayo kumwambia mwenye nayo yuko katika mji upi. Isitoshe, kaskazini ya sumaku si kaskazini halisi, na chuma kilicho karibu huipotosha sindano. Mwenye dira hana budi kujifunza kuyasahihisha haya.

Saa

Nusu ya pili ya mahali, yaani longitudo, iliwashinda mabaharia wa mataifa yote kwa muda mrefu. Sababu ni kwamba dunia huzunguka. Nyota hazimwambii mtu yuko mashariki au magharibi kiasi gani, isipokuwa ajue ni saa ngapi mahali fulani panapojulikana. Dunia hupita digrii 360 kwa saa 24, yaani digrii 15 kwa kila saa. Basi kosa la dakika moja ya saa ni robo ya digrii. Na karibu na ikweta robo hiyo ni takriban kilomita 28, zaidi ya nusu ya upana wa mlango wa bahari wa Unguja pale ulipo mwembamba.

Mwaka 1714 Bunge la Uingereza liliahidi zawadi ya hadi pauni 20,000 kwa atakayelitatua tatizo hili. Seremala aliyejifunza mwenyewe ufundi wa saa, John Harrison, alikamilisha saa yake ya nne mwaka 1759. Ilipojaribiwa katika safari ya kwenda Jamaika mwaka 1761 na 1762, ilionekana kuwa imepoteza sekunde 5 tu katika siku 81. Tangu wakati huo baharia aliyekuwa na sekstanti ya kupimia kimo cha jua, pamoja na saa ya namna hiyo, iitwayo kronomita, aliweza kutambua latitudo na longitudo zote mbili.

Habari hii yatuhusu kwa njia isiyotazamiwa. Katika nchi zetu, saa ya mkononi imekuwa miongoni mwa zawadi za heshima apewazo mhitimu, na mzazi aitoapo hudhani ametoa pambo lenye manufaa. Kwa historia yake, ametoa mojawapo ya vyombo vikuu vya kuongozea safari.

Setilaiti na mkasa wa mwaka 1983

Setilaiti ya kwanza ya mfumo wa Marekani uitwao jipiesi ilirushwa mwaka 1978, na mfumo mzima, wenye setilaiti 24, ulitangazwa kukamilika mwaka 1995. Setilaiti hizo huzunguka kimo cha takriban kilomita 20,200 juu ya dunia, nazo kila moja imebeba saa za atomiki. Chombo cha mtumiaji hakitumi kitu, hupokea tu. Husikiliza setilaiti zisizopungua nne, hulinganisha wakati ambao mawimbi ya kila moja yalitumwa na wakati yalipofika, na kutokana na tofauti hizo hukokotoa mahali kilipo. Kwa hiyo ni ukoo wa saa ya Harrison, wala si ukoo wa dira. Kwa kweli chombo cha kawaida cha aina hii, kikiwa kimetulia mahali pamoja, hakijui kimeelekezwa upande gani. Hujua mwelekeo baada ya kutembezwa. Simu iwezayo kuonyesha upande ingali imetulia hufanya hivyo kwa sababu imetiwa ndani yake kipimo cha sumaku, yaani dira, kando ya kipokezi.

Tofauti hii si ya wanaistilahi peke yao. Tarehe 1 Septemba 1983 ndege ya abiria ya Korea ya Kusini, safari namba 007, iliyokuwa ikitoka New York kwenda Seoul kwa kupitia Anchorage, iliingia katika anga ya Umoja wa Kisovyeti na kutunguliwa karibu na kisiwa cha Sakhalin. Watu wote 269 waliokuwamo walikufa. Uchunguzi wa shirika la kimataifa la usafiri wa anga, uliokamilishwa mwaka 1993, ulieleza kwamba baada ya kuondoka Anchorage ndege ile ilikuwa ikishika mwelekeo mmoja wa dira bila kubadilika, badala ya kufuata njia iliyokuwa imewekwa katika mitambo yake ya kutambua mahali. Wahudumu waliamini kuwa wanafuata njia. Chombo kilikuwa kikifuata mwelekeo tu. Tofauti ilikuwa ndogo mwanzoni, ikakua kila dakika, mpaka ikawa mamia ya kilomita.

Wiki mbili baadaye, serikali ya Marekani ilitangaza kwamba jipiesi, iliyokusudiwa kuwa mfumo wa kijeshi, itawekwa wazi kwa raia wa mataifa yote itakapokuwa tayari. Hata hivyo mawimbi ya raia yalipunguzwa usahihi kwa makusudi hadi Mei 2000, upunguzaji huo ulipokomeshwa. Siku hizi iko pia mifumo ya Urusi, ya Umoja wa Ulaya na ya China, na vyombo vingi husikiliza zaidi ya mfumo mmoja. Hivyo kuviita vyombo vyote "jipiesi" ni kama kuita kila kalamu ya wino "biki": watu wataelewana sokoni, lakini mwandishi wa hati rasmi yampasa kuwa mwangalifu zaidi.

Maneno yaliyopanda nchi kavu

Kabla ya kupendekeza istilahi, tutazame jinsi Kiswahili kilivyoyatumia maneno yake ya bahari kwa mambo mapya. Ndege zilipokuja, rubani alipanda angani bila neno lake kubadilika. Gari lilipokuja, usukani ulitoka katika tezi ya chombo ukaingia mikononi mwa dereva. Nahodha yuko katika uwanja wa mpira. Hakuna kamati iliyowalazimisha watu katika maneno haya. Yalikubalika kwa sababu kazi ya kale na kazi mpya zilifanana kwa jambo lililo la msingi.

Dira nayo imepanda nchi kavu, na imefika mbali. Tanzania ilipoandaa mpango wake wa muda mrefu iliuita Dira ya Taifa ya Maendeleo 2025, na mpango uliofuata, uliozinduliwa mwaka 2025, ni Dira 2050. Kenya, kwa jambo kama hilo, ilichagua Ruwaza ya 2030. Twaona kwamba uchaguzi wa dira ulikuwa mwema: mpango wa namna hiyo huonyesha upande wa kuendea, hausemi kila kona ya barabara. Mtumishi wa serikali asomaye Dira bila takwimu za hali ilivyo amejua upande bila kujua mahali alipo. Lakini tamathali hii huishi kwa nguvu ya maana ya asili. Dira ikiwa jina la kila kitu kinachohusu safari, itakuwa imepoteza makali yake baharini na ofisini pia.

Mapendekezo

Kiswahili kina njia iliyozoeleka ya kuunda majina ya vyombo: kiambishi ki-, kitenzi, na kitendewa chake. Kwa njia hiyo tumepata kipaza sauti, kinasa sauti na kizima moto. Kwa kufuata njia hiyo tunapendekeza yafuatayo:

(a) Dira ibaki kuwa chombo cha kuonyesha mwelekeo, kiwe cha sindano au cha umeme.

(b) Kitambua mahali kiwe jina la chombo kipokeacho mawimbi ya setilaiti na kuonyesha latitudo na longitudo. Mfumo unaokiwezesha uitwe mfumo wa setilaiti wa kutambua mahali, na jipiesi libaki kuwa jina la mfumo mmoja, ule wa Marekani.

(c) Kielekeza njia kiwe jina la chombo, au programu, ambayo baada ya kutambua mahali hutumia ramani iliyohifadhiwa kumwambia msafiri apinde wapi.

(d) Urambazaji, neno ambalo limeanza kuzoeleka, litumike kwa taaluma nzima.

Tumeyaacha majina mengine kwa sababu zifuatazo. "Kiongozi njia" lapingana na kiongozi, ambaye ni mtu. "Dira ya kielektroniki" ni jina sahihi la chombo kingine, maana dira za umeme zipo. "Ramani ya setilaiti" ni ramani iliyotengenezwa kutokana na picha za setilaiti. "Kifaa cha mwelekeo" ni pana mno.

Huenda ikasemwa kwamba simu moja hufanya kazi zote tatu, hivyo hakuna haja ya majina matatu. Twajibu kwamba pale kazi zinapokaa katika chombo kimoja ndipo majina yanapohitajika zaidi, kwani macho hayawezi tena kuzitenganisha. Huenda pia ikasemwa kwamba watu watashika jipiesi. Hilo lawezekana. Tarakilishi iliundwa kwa ustadi, na hata hivyo katika Tanzania kompyuta ndiyo iliyozoeleka. Hatukusudii kumkataza mtu kusema jipiesi barabarani. Tunaloomba ni kwamba mtihani, mkataba, kitabu cha mafunzo na hati ya ununuzi vitaje kazi inayokusudiwa.

Swali la zawadi

Sasa twaweza kulirudia swali la mwanzo. Mtoaji wa zawadi aanze kwa kuuliza: mhitimu huyu, katika kazi yake, atakosa kujua nini? Upande, mahali, au njia?

Tuchukue kwanza mhitimu wa ubaharia. Mafunzo ya namna hiyo yalianza Dar es Salaam mwaka 1978 katika kituo ambacho mwaka 1991 kilifanywa kuwa Chuo cha Bahari. Meli atakayofanyia kazi itakuwa na vitambua mahali vya kutosha, hivyo kumwongezea kingine ni kupeleka chumvi baharini. Lakini mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini wazitaka meli kuwa na dira ya sumaku, au chombo kingine, isiyotegemea umeme. Na mwaka 2015 chuo cha wanamaji cha Marekani kule Annapolis kilirudisha mafunzo ya kusafiri kwa nyota yaliyokuwa yameondolewa miaka ya 1990, kwa kuhofia kwamba mawimbi ya setilaiti yaweza kuvurugwa. Kwa mhitimu huyu, sekstanti au dira njema ya mkono ni zawadi itakayomfaa siku vioo vyote vitakapozimika.

Mhitimu wa misitu au wa kilimo, atakayepangiwa mahali pasipo vibao vya barabara, atahitaji kitambua mahali kinachostahimili mvua na vumbi, kinachotumia betri zipatikanazo katika duka la kijijini. Mpima ardhi naye ahitaji kitambua mahali, ila mtoaji ajue kwamba chombo cha kawaida hukosea kwa mita kadhaa. Kosa hilo si kitu kwa mtu atafutaye kisima, lakini latosha kuzua kesi ya mpaka wa kiwanja. Mhitimu atakayefanya kazi mjini ahitaji kielekeza njia, nacho kwa kawaida kimo tayari katika simu yake. Na kisiposahihishwa ramani kitampeleka kwenye daraja lililobomoka kwa sauti ile ile ya upole. Kwa huyu wa mwisho, saa ya mkononi bado yatosha.

Kadi itakayoambatana na zawadi nayo iandikwe kwa jina halisi la chombo. Ikiwa ni dira, iandikwe dira, na maneno ya kumtakia mhitimu mwelekeo mwema yatakuwa na maana kamili. Ikiwa ni kitambua mahali, mtoaji asimwambie mhitimu kwamba chombo hiki kitamwonyesha njia ya maisha. Kitamwonyesha alipo, na kwa kijana aanzaye kazi hiyo peke yake ni zawadi kubwa.

Hitimisho

Tumeona kwamba mabaharia wa pwani yetu walikuwa na jina mahsusi kwa kila kazi, na kwamba Kiswahili kimekuwa hodari wa kuyapandisha majina hayo nchi kavu pale kazi zilipofanana. Tumeona pia kwamba kuchanganya mwelekeo na njia kumepata kugharimu maisha ya watu. Jina la chombo haliwezi peke yake kuzuia maafa. Lakini jina litajalo kazi humkumbusha mtumiaji, kila alitamkapo, ni jambo gani chombo kinalijua na ni jambo gani kimemwachia yeye.

Istilahi zilizopendekezwa hapa bado ni mapendekezo. Tunawaomba wafasiri wazijaribu katika kazi zao, walimu wazijaribu darasani, na watumishi wa serikali wazijaribu katika hati zao, kisha watuarifu zilipokwama. Tungefurahi hasa kupata maneno ya mabaharia na wavuvi wa Lamu, Pemba, Mafia, Kilwa na kwingineko ambayo hayajaingia katika kamusi. Wazee wanaojua kutia bildi na kutia batli wamebaki wachache, na pengine neno tunalohangaika kuliunda limekwisha kutamkwa chomboni kwa miaka mingi.